Breki Zilizovaa Wigi

Mwalimu aliyenifundisha kuendesha gari alichukia vitu viwili: dereva anayefunga breki ghafla, na nywele za bandia. Cha kwanza kilikuwa kazi yake. Cha pili kilikuwa kazi yangu, kwa hiyo miaka yote tuliyojuana tuligombana kwa adabu, yeye amesimama mlangoni mwa saluni yangu hapa Bellevue, mimi nimeshika sindano na uzi juu ya kichwa cha mteja.

Ndani hakuwahi kuingia. Alidai harufu ya gundi inampa kizunguzungu. Alisimama kizingitini na kofia yake ya kahawia, akazikagua wigi rafuni moja baada ya nyingine kama askari anayekagua leseni, kisha akaanza. Kichwa kikiisha nywele kimeisha, kuna aibu gani? Mtu anayeficha kichwa chake ataficha nini kingine? Mwisho wa hotuba ulikuwa uleule siku zote: tumtazame mke wake. Nywele zake mwenyewe, tangu walipooana Morogoro mpaka leo, hazijaongezewa hata unywele mmoja. Wateja wangu waliinamisha vichwa. Mimi nilijifanya nimeangusha kitana, nikainama kukitafuta chini ya meza mpaka kicheko kinipungue.

Maana mke wake, Mama Lindiwe, alikuwa mteja wangu wa mlango wa nyuma. Kila Jumamosi ya pili alipitia uani, penye mapipa ya taka, akaketi nyuma ya pazia, akavua wigi na kuniwekea mapajani. Ni mwenyeji wa hapa, mtoto wa Soweto, Kiswahili alikipata uhamishoni Morogoro, pamoja na mume. Nywele zilianza kumtoka kwenye paji la uso miaka mingi iliyopita na hazikurudi. Alikuwa na wigi tatu za aina moja, moja fupi, moja ya wastani, moja ndefu kidogo, na alizivaa kwa zamu ili nywele zionekane zinakua. Akifika kwenye ndefu, siku moja anarudi kwenye fupi, na Mwalimu anamsifu kwamba amepunguza vizuri. Usiku alilala na kilemba. Niliwahi kumuuliza kama hachoki.

"Eish, mntanami, mwanangu," alinijibu, "ninachoka. Lakini yule mzee anajivunia nywele zangu kuliko mimi mwenyewe. Nitamnyang'anya vipi?"

Wanafunzi wa Mwalimu tulikuwa sisi wageni zaidi: Warundi, Wakongo, Watanzania, Mkenya mmojammoja. Tulimfuata kwa sababu alifundisha kwa Kiswahili na hakupiga kelele. Mimi nilitaka leseni ili nipeleke mzigo wa nywele kwa wateja wangu wa Diepsloot bila kubembeleza mtu. Gari lake la kufundishia lilikuwa na pedali ya breki ya pili upande wake, na juu ya dashibodi aliweka kikombe cha plastiki kilichojaa maji. Ukifunga breki maji yakamwagika, unashuka, unafuta dashibodi kwa kitambaa chako mwenyewe, unaanza upya. Mwezi wa kwanza dashibodi ile niliifuta mimi kuliko mwenye gari.

"Binti, polepole," alikuwa akiniambia. "Breki si mende."

Jambo la pili lilikuwa vioo. Dereva, alisema, huzungusha macho, hazungushi kichwa, kwa sababu kichwa kikigeuka mikono hukifuata. Yeye mwenyewe aliketi ameelekeza uso mbele, shingo haichezi, na bado aliweza kukuambia kwamba yule mama wa ndizi tuliyempita alikuwa amevaa viatu visivyofanana. Wanafunzi tulimwogopa kwa hilo. Ukimtupia jicho kijana mtanashati kandokando ya barabara, Mwalimu alikuwa ameshaona, na alikutajia rangi ya shati.

Nisimfanye malaika. Alihubiri subira, na kwenye foleni ya duka alikuwa akihema kwa sauti mpaka watu wanampisha. Alisema simu ni adui wa dereva, halafu yake ikilia anasimamisha somo zima ili kumweleza fundi rangi ya kiti anachokitaka. Na huyu mtu wa kikombe cha maji, aliyefundisha nusu ya mtaa kusimama, alikuwa na gari lake mwenyewe ambalo halikusimama.

Hilo gari ndilo lililomfanya ajulikane kuliko shule. Lilikuwa gari la zamani sana, la wakati babu zetu wakiwa vijana, alilolivua boneti na madigadi, akalishusha mpaka likakaribia kulamba lami, akalitia injini kubwa iliyokaa wazi mbele na mabomba yake yote yakionekana. Wenye ugonjwa huo huyaita hotirodi. Halikuwa na paa. Likiwaka, vikombe vya chai vya jirani vilitembea mezani. Alilijenga kwa miaka mingi uani kwake, na kila msumari alihakikisha una umri wa gari. Hakutaka ndani yake kitu chochote kilichozaliwa juzi.

Halikuwa wazimu wa mtu mmoja. Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, wenye magari ya namna ile walikutana kwenye uwanja wa maegesho upande wa kusini mwa jiji: wazungu wazee wenye ndevu, machotara wa mtaa wa jirani, mabwana wawili watatu wa Soweto wenye suruali zilizopigwa pasi, na Mwalimu wetu. Walikuwa na desturi yao. Mkubwa wao, mzee mwenye magoti mabovu, alipiga magoti hayohayo mbele ya kila gari akiwa na tochi na kioo kidogo kilichofungwa kwenye fimbo, akachungulia uvunguni. Akikuta kifaa cha kisasa hasemi neno. Anatoa mfukoni nyonyo ya plastiki, ile ya kunyamazishia watoto, anaitundika kwenye usukani wako. Maana yake gari lako limebeba mtoto. Unaondoka mstari wa mbele, unaegesha nyuma karibu na choo, na nyonyo inakaa na wewe mpaka mwezi ujao. Watu wazima wenye wajukuu walikuwa wakilia kwa ajili ya nyonyo hiyo.

Mwalimu hakuwahi kutundikiwa. Zaidi ya hapo, alikuwa na jicho la kuwashtakia wenzake. Alinisimulia kwa fahari jinsi alivyomkamata bwana mmoja kwa sababu ya parafujo moja tu. Nilimuuliza parafujo ile ilimkosea nini. Akasema uongo hauna ukubwa.

Kitu kimoja tu kilimtia unyonge. Mama Lindiwe hakupanda lile gari. Alipanda teksi kwenda kanisani, au alitembea, na Mwalimu alimfuata taratibu kandokando ya njia, injini ikinguruma, akimsihi. Mtaa mzima uliwaona wakishuka mteremko namna hiyo, mke anatembea na mkoba wake, mume yumo garini anatembea naye, kiti cha pembeni kitupu. Kiti hicho alikishona kwa ngozi nyekundu kwa ajili yake. Mwalimu alipomuuliza sababu, mkewe alimjibu mbele yetu sote: "Siku litakaposimama, nitapanda."

Na kweli halikusimama. Breki zake zilikuwa za kizamani, za dramu, zile ambazo chuma husukuma kutoka ndani ya kitu mfano wa sufuria. Zikipata moto zinasahau kazi, na lile gari lilikuwa na tabia ya kuvuta kushoto. Asubuhi moja lilishuka mteremko wetu, Mwalimu akakanyaga, akakanyaga tena, akapita roboti, taa ya barabarani, ikiwa nyekundu, gari likavuta kushoto, likapanda njia ya watu na kusimama juu ya kiti cha plastiki ninachokiweka nje kwa ajili ya wateja wanaosubiri. Mteja aliyekikalia alikuwa ameinuka muda huohuo kuja kuuliza zamu yake. Kiti kilipasuka vipande. Mwalimu alishuka, akavua kofia, akavitazama.

Nilimkasirikia kwelikweli. Nilimwambia kwamba angeua mtu kwa sababu ya wazee wanaotundikiana nyonyo, na kwamba mimi aliniangusha mtihani wake wa majaribio mara tatu kwa makosa madogo kuliko lile. Aliokota vipande vyote vya kiti, hata vile vidogo, akaviweka juu ya ile ngozi nyekundu. Kesho yake aliniomba nimpeleke kwa muuza vipuri, kwa kuwa hotirodi aliliegesha na kulifunika turubai, na gari la shule lilikuwa na wanafunzi.

Tulikwenda na bakkie yangu, pikapu ya kubebea mzigo wa nywele. Alikuja na rimu moja ya gurudumu, akaiketisha katikati yetu na kuifunga mkanda. Mzee wa vipuri alikuwa na ghala zima la vitu vya magari ya zamani, na aliijua taabu ya Mwalimu kabla hajamaliza salamu. Aliweka vitu vitatu juu ya kaunta.

Cha kwanza kilikuwa dramu kama zile alizokuwa nazo, mpya, zitakazosahau kazi vilevile. Cha pili kilikuwa breki za diski, kama za gari lolote la leo: sahani ya chuma inayobanwa pande zote mbili, inashika hata ikiwa moto. Hizo, alisema mzee, zitasimamisha gari mahali unapotaka, na mtu yeyote mwenye macho ataziona akiwa ng'ambo ya barabara. Cha tatu kilikuwa diski hizohizo zilizovishwa kifuniko cha aluminiamu chenye mapezi mapana kuzunguka, sawasawa na dramu nzuri za zamani. Nyuma palikuwa na uwazi mwembamba wa kupitisha hewa. Ni mpaka mtu aweke jicho kwenye ule uwazi ndipo ataona kilichomo.

Mwalimu alikigeuza kifuniko mikononi. Alikipima kwenye rimu yake, kikaingia vizuri. Akakitoa. Akakitia tena. Akauliza kama hakuna namna ya kuziimarisha dramu. Mzee akasema hakuna. Akauliza kama diski tupu zinaweza kupakwa rangi zisionekane, mzee akacheka. Nikaona jasho likimtoka chini ya kofia, na miaka yote ya hotuba za kizingitini ikanijia mdomoni.

"Mwalimu," nikamwambia, "hiyo ni wigi."

Mzee wa vipuri hakujua Kiswahili, akauliza nimesema nini, nikamwambia nimesifia mapezi.

"Mtu akiniuliza, nitasemaje?" Mwalimu aliniuliza hatimaye, kwa sauti ndogo.

Basi nikamfundisha, mimi mwanafunzi wake. Usiiguse mbele za watu, maana wanaovaa kwa mara ya kwanza hawaachi kuigusa. Usiitaje kabla hujaulizwa. Usisimame mbele ya kioo. Na ukitembea, tembea kama ulizaliwa nayo. Alisikiliza kwa makini kuliko nilivyomsikiliza mimi siku za kikombe cha maji, kisha akachukua kile cha tatu.

Mzee wa vipuri alimwonya jambo moja. Pampu ya zamani ya breki huacha mafuta yakisukuma kidogo hata mguu ukiondoka, dramu hupenda hivyo, diski hazipendi. Kwa hiyo abadilishe na pampu. Mwalimu akaitikia kwa kichwa, akaenda nyumbani, akaiacha pampu ya zamani kwa sababu ilikuwa na umri wa gari. Wiki iliyofuata hotirodi lilisimama bila kuambiwa, katikati ya barabara, magurudumu yakifuka moshi. Hapo ndipo aliponunua pampu. Baada ya hapo nilishuhudia kwa macho yangu: alishuka mteremko kwa mwendo wa kweli, akakanyaga, na gari likatulia kwenye mstari wa roboti. Kwenye dashibodi alikuwa ameweka kile kikombe. Maji hayakumwagika.

Jumapili ya ukaguzi aliniomba niende naye, akisema ni kwa ajili ya kumtuliza. Alisahau mafunzo yangu yote. Alisimama mbele ya gurudumu kama mtu anayeficha suruali iliyochanika, akaligusa, akafuta pezi ambalo halikuwa na vumbi, na kabla hajaulizwa alianza kueleza jinsi dramu zilivyo imara. Mkubwa wao alipiga magoti. Kioo kiliingia nyuma ya gurudumu kikakaa huko muda mrefu. Mimi niliyekuwa pembeni niliona mwanga wa tochi ukipita kwenye uwazi na kurudi umemetameta kwenye sahani ya chuma. Mzee naye aliuona, hakuna njia asingeuona. Akainuka kwa taabu, akapangusa magoti.

"Dramu nzuri," alisema, akaenda gari la pili.

Nilishangaa, nikaanza kutembea mstari wa mbele. Mimi natambua wigi nikiwa ng'ambo ya barabara, mvua ikinyesha. Gari la tatu lilikuwa na mapezi yaleyale. La tano pia. Yule bwana wa parafujo, naye. Nilipofika kwenye gari la mkubwa mwenyewe, mwenye kioo na nyonyo, niliinama nikajifanya nafunga kamba ya kiatu, na kwenye ule uwazi mwembamba niliona sahani ya chuma inang'aa. Wazee wote walikuwa wamevaa, na kila mmoja alidhani amevaa peke yake, isipokuwa mmoja aliyewajua wote na kunyamaza. Sikumwambia Mwalimu. Alikuwa na furaha sana siku ile.

Furaha ilidumu mpaka alipofika nyumbani na kumfungulia mkewe mlango wa gari. Mama Lindiwe alitazama gari likisimama mara tatu mfululizo, akakubali kwamba linasimama, akasema goti linamuuma. Jumapili iliyofuata palikuwa na wingu. Iliyofuata, kiti kilikuwa chini mno. Akaendelea kutembea, na mume akaendelea kumfuata, ila sasa kwa breki nzuri.

Mwalimu alinyauka. Alikuja mlangoni kwangu akasahau kutukana wigi. Aliniuliza mimi, kama mwanamke, mke wake anaogopa nini, na mimi nikasema sijui, na iliniuma kusema hivyo. Nilijua. Mama Lindiwe alinieleza nyuma ya pazia, wigi ikiwa mapajani mwangu. Gari halina paa. Mteremko ule una upepo. Breki zilikuwa kisingizio tangu siku ya kwanza. Alichokiogopa ni kufika kanisani kichwa kiko wazi, na mume wake akiwa wa kwanza kuona. Lakini maneno ya nyuma ya pazia hayatoki, ndiyo sheria ya kazi yangu, na bila hiyo ningefunga saluni kesho.

Ilikuwa mwaka jana, wiki chache kabla Mwalimu na mkewe hawajahamia pwani kwa ndugu za mke. Ijumaa mchana, saluni tupu, Mwalimu akaja. Hakusimama kizingitini. Aliingia, akavua kofia, akaketi kwenye kiti cha wateja mbele ya kioo. Nilimuuliza kama harufu ya gundi haimsumbui. Akasema haijawahi kumsumbua.

"Kesho ni Jumamosi yake," alisema.

Nikachukua kitana, nikaanza kukisafisha.

"Mshonee vizuri, binti. Hapa mbele hasa." Akagusa paji la uso wake mwenyewe. "Kaza kiasi kwamba hata mimi nikienda mbio isisogee. Halafu mwambie umeikaza, lakini usiseme ni mimi niliyeomba."

Nilimuuliza amejua tangu lini.

"Tangu wigi ya kwanza. Binti, kazi yangu ni kuona bila kugeuza kichwa."

"Na hotuba zote zile? Umenitukania mzigo wangu miaka yote."

"Hotuba ya kwanza nilimpa yeye kabla sijajua, siku moja tu kabla," alisema. "Sasa ningenyamaza ghafla, angejua kwamba nimeona. Nikaona niendelee." Alikuwa akizungumza na kofia yake. "Ila nilidhani ni breki. Kusema kweli ya Mungu, nilidhani ni breki. Juzi ndipo nilipomwona anasimama kando ya gari, upepo ukavuma, akashika kichwa."

Aliinuka, akavaa kofia mbele ya kioo, akaiweka sawa. Alipofika kizingitini aligeuka, akazitazama wigi zangu rafuni, na kwa sauti ya kusikika mpaka njiani akasema kwamba bado ni aibu tupu. Nilisimama katikati ya saluni na kulia.

Jumamosi nilishona kama sijawahi kushona. Nilimwambia Mama Lindiwe nimepata uzi mpya, hata afunge safari ya bakkie ya wazi hadi Durban wigi haitasogea. Alinitazama kwenye kioo, akaivuta upande mmoja, akaivuta mwingine. Kisha akachukua mkoba, akatoka kwa mlango wa uani.

Jumapili niliusikia mngurumo kabla sijaliona gari. Lilishuka mteremko, likasimama kwenye mstari wa roboti bila kuvuta kushoto, kikombe kiko juu ya dashibodi. Mama Lindiwe alikuwa kwenye ngozi nyekundu, mkoba mapajani. Upepo ulivuma, ukainua ukosi wa koti lake, nywele zikabaki pale pale. Aliponiona mlangoni aliinua mikono yote miwili akanipungia. Mwalimu hakugeuza kichwa. Alikuwa ameniona.